Kompresa Aliyoichagua Mwalimu

Ilikuwa saa nne na dakika saba asubuhi kamioneti ilipoacha barabara kuu ya Rumonge na kusimama mbele ya karakana ya baba. Kwa jambo hili sitegemei kumbukumbu. Saa ya Mwalimu ilikuwa mkononi mwangu. Mkanda ulikuwa umefungwa kwenye tundu la mwisho na bado uliteleza hadi karibu na kiwiko. Kazi yangu asubuhi ile ilikuwa kuitazama saa hiyo tu.

Mwezi uliopita, miaka mingi baada ya asubuhi ile, nilikwenda Bujumbura kununua kompresa, mashine ya hewa ya kupulizia rangi. Nina karakana ndogo nyuma ya nyumba ambamo natengeneza vitanda, makabati na viti vya sebuleni. Darasani niliishia la sita. Mengine nimejifunza kwenye vitabu vya ufundi vya Kifaransa, ukurasa kwa ukurasa, kamusi ikiwa pembeni. Muuzaji alikuwa kijana mwenye adabu. Alinipeleka moja kwa moja kwenye mashine kubwa nyekundu.

"Chukua hii, mama. Tangi lita mia mbili. Hata ukipaka rangi nyumba nzima, hewa iko tu."

"Pampu yake inatoa lita ngapi kwa dakika?"

"Watu wote wanaangalia tangi, mama."

"Mwanangu, mtungi haujijazi. Niambie kisima."

Alicheka. Alidhani ni methali ya bibi yangu. Akaiwasha ili nisikie ilivyo tulivu, na ile harufu ya mpira uliopashwa moto na mafuta ya mashine ikanifikia kabla ya sauti. Niliomba kukaa. Alinipa kopo la rangi, nikalikalia huku yeye akidhani ni joto la mji.

Maneno ya mtungi na kisima si methali. Ni maneno ya Mwalimu, na alimwambia baba yangu, mbele yangu, nikiwa na miaka tisa.

Baba alikuwa fundi wa makabati. Vernis, rangi angavu ya kung'arisha mbao, aliipaka kwa pamba iliyofungwa ndani ya kipande cha shuka kuukuu. Alipaka tabaka saba, na kila tabaka ilisubiri siku nzima ikauke. Tatizo lake lilikuwa vumbi. Karakana ilitazama barabara, na kila lori la mawese lililopita liliacha kitu juu ya kazi yake. Siku moja aliona Bujumbura kabati lililopuliziwa vernis kwa mashine, limekauka kabla ya chakula cha mchana. Alirudi nyumbani hana usingizi. Alipata pistole ya kupulizia rangi iliyotumika, kwa mekanika mmoja aliyehama. Ilibaki mashine ya hewa, na kwa kuwa mtaani kwetu hapakuwa na umeme, ilibidi iwe ya petroli.

Katalogi ilikuwa ya Kifaransa. Baba alisoma Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kama walivyosoma wazee wake waliotoka Kongo. Kifaransa kilikuwa cha Mwalimu. Alifundisha shule ya msingi juu ya barabara, mtu wa milimani upande wa Bugarama, mwembamba, mwenye kalamu mbili mfukoni hata siku ya Jumapili. Kila Alhamisi jioni alikuja karakana, akaketi juu ya benchi la randa, akatafsiri. Baada ya miezi miwili aliacha kuwa mkalimani akawa mshirika. Alitaka mwanawe mkubwa, Deo, aliyekuwa sekondari Bujumbura, awe na kazi ya mkono ikiwa shule itamkataa.

Mashine zilizofaa zilikuwa mbili. Ya kwanza ilikuwa na tangi kubwa na pampu dhaifu, na bei yake ilikuwa nafuu. Ya pili ilikuwa na tangi dogo na pampu ya silinda mbili, ghali. Baba aliipenda ya kwanza kwa sababu ilionekana kubwa, na fedha yake tayari ilikuwa imetimia kwenye kopo la maziwa ya unga.

"Fundi," Mwalimu alimwambia, "wewe unahesabu mtungi. Hesabu kisima. Mtungi hata uwe mkubwa namna gani, ukiteka kwa kasi kuliko kisima kinavyotoa, utakauka katikati ya kazi."

"Mwalimu, mimi nina kiu leo, wewe unanichimbia kisima."

"Basi tupime."

Hivyo ndivyo alivyokuwa. Hakubishana sana, alipima. Aliazima gurudumu zima la lori, akaunga kwenye vali yake bomba la mpira, akaunga bomba kwenye pistole. Gurudumu likawa tangi letu. Deo, akiwa nyumbani kwa likizo, alilijaza kwa pampu ya mkono, na badala ya vernis tulitumia maji yenye bluu ya kufulia, tukapulizia juu ya mbao. Mwanzoni yalitoka kama ukungu. Kisha presha ilishuka na pistole ikaanza kutema matone. Kazi yangu ilikuwa kusema ni sekunde ngapi zimepita kabla ya tone la kwanza, na ni dakika ngapi Deo alihitaji kujaza upya. Kwa kazi hiyo Mwalimu alinivisha saa yake. Aliinunua mwaka wa uhuru kwa mshahara wake wa kwanza, mwaka niliozaliwa mimi, kwa hiyo alisema mimi na saa tu pacha. Aliniita Bibi Saa.

"Bibi Saa, tuko wapi?"

"Sekunde hamsini na mbili, Mwalimu."

"Na mulango mmoja wa kabati unataka dakika mbili. Fundi, unasikia mutoto wako anavyokuhukumu?"

Deo alikuwa na miaka kumi na sita na mikono mirefu. Alijaza gurudumu kwa dakika ishirini na sita, mara tatu mfululizo, bila kupungua hata nusu dakika. Mwalimu aliandika tarakimu zile kwa fahari, kama maksi za mtihani. Baba alikubali kungoja. Wote wawili waliendelea kuweka fedha kwenye kopo.

Kisha ukaja mwezi ambao wazee wa kwetu mpaka leo wanautaja kwa neno moja tu la Kirundi, ikiza, yaani janga, na kunyamaza. Jumamosi moja jioni watu wenye mapanga walipita pwani yote ya ziwa kutoka kusini wakiua Watutsi. Askari walikuja baada yao, na mauaji yakageukia Wahutu na hayakukoma. Mwalimu alikuwa Muhutu aliyesoma, na mwaka ule maneno hayo mawili yakikutana kwa mtu mmoja yalitosha. Lakini hayo nayajua sasa. Wakati ule nilijua tu kwamba shule imefungwa, Deo amerudi nyumbani, na Mwalimu sasa anakuja karakana kila asubuhi badala ya Alhamisi. Nilifurahi.

Siku moja nikiokota mabaki ya mbao niliwasikia.

"Vuka, Mwalimu. Kigoma iko pale. Wavuvi wa Kabonga wanavusha watu."

"Nivuke kwa kosa gani? Anayekimbia ni yule aliyefanya kitu. Mimi jina langu liko safi. Wakiniita, nitakwenda, nitajibu, nitarudi."

"Wangapi wamerudi?"

Mwalimu aligeukia gurudumu. Alisema, "Tupime tena leo. Vali ilikuwa inavuja, namba za juzi siziamini."

Siku iliyofuata, saa nne kasoro dakika kumi, Deo alianza kupiga pampu. Gari liliposimama alikuwa katika dakika ya kumi na saba.

Walishuka wanaume watatu, mmoja askari, wawili vijana wenye mashati masafi. Walituamkia. "Amahoro." Hawakupiga kelele, wala hawakumgusa mtu. Mmoja wao alisoma jina la Mwalimu kwenye karatasi, akauliza kama ndiye, Mwalimu akasema ndiye.

"Tunakuhitaji kidogo kwenye ofisi ya komini. Ni mambo ya kutia sahihi."

"Nichukue koti?"

"Hapana haja. Utarudi." Kijana yule alichukua katalogi kutoka kwenye benchi. "Na hizi namba zote ni za nini?"

"Ni mashine ya hewa. Ya kupulizia rangi."

"Kuja nayo. Utatueleza njiani."

Askari alimwangalia Deo. "Na huyu?"

"Huyu ni mutumishi wangu," baba alisema. "Kiziwi kidogo. Mupige kofi, ndiyo atakusikia."

Kijana mmoja alicheka. Mwalimu naye alicheka. Alikuwa tayari ameweka mguu kwenye kamioneti alipogeuka kunitazama, akasema kwa sauti ile ile ya kila siku, "Bibi Saa, usisimamishe kazi. Hesabu mpaka amalize."

Nikaitazama saa. Deo hakuinua kichwa. Pampu iliendelea, juu, chini, juu, chini, na gari likageuka kuelekea kaskazini, barabara ya Bujumbura, nyuma yake wazi na tupu. Baba alisimama na randa mkononi bila kuranda. Deo alipomaliza nilisema kwa sauti: dakika thelathini na tatu. Nikaongeza kwamba leo amekuwa mvivu. Deo aliketi chini nyuma ya kabati ambalo halijamalizika, akaufunika uso wake kwa viganja.

Ilinichukua miaka kuelewa yale maneno ya mwisho. Mwalimu hakutaka kipimo. Alitaka sauti ya pampu isikatike, ili mwanawe asisimame na kuita "Baba".

Mimi nilielewa kitu kingine kabisa, na nilikuwa na ushahidi. Gari lilikwenda Bujumbura, ambako mashine zilikuwa zinauzwa. Nyuma lilikuwa tupu, na nafasi ilitosha. Walichukua katalogi. Walisema sahihi, na mimi nilijua kwamba ukurasa wa mwisho wa katalogi una mahali pa kutia sahihi kwa anayeagiza. Niliipanga hesabu hiyo kama Mwalimu alivyonifundisha, na jibu lilikuwa moja. Alikwenda kuleta mashine.

Mchana baba alimficha Deo stoo, chini ya magunia ya maranda. Alipata mvuvi wa kuvusha watu watano jioni ile: Deo, mama yake na wadogo zake watatu. Sisi, wajukuu wa Wakongo wa mtaa wa chini, hatukuwa kwenye orodha zile, au ndivyo tulivyoomba iwe. Lakini mtu mzima kuonekana nyumbani kwa Mwalimu siku ile lilikuwa jambo la hatari. Mtoto hatazamwi. Baba alichuchumaa mbele yangu.

"Nenda kwa Mama Deo. Mwambie: fundi anasema ufunge muzigo mudogo, saa moja jioni uwe pwani penye mitumbwi, na watoto. Deo atakuwa pale. Rudia."

Nilirudia bila kukosea neno. Nilikwenda, nikamkuta Mama Deo anachambua maharage nje ya mlango, na nikamwambia bila kukosea neno. Alisimama. Maharage yakamwagika kutoka kwenye kanga.

"Baba Deo iko wapi?"

Hapo ujumbe wa baba ulikuwa umekwisha. Ningeweza kusema sijui. Lakini nilijua.

"Amekwenda Bujumbura kuleta mashine."

"Mashine gani?"

"Ya hewa. Wamekuja na gari. Wamechukua na katalogi, atatia sahihi. Wamesema atarudi."

"Walimufunga mikono?"

"Hapana."

"Walimupiga?"

"Hapana, mama. Walicheka. Na yeye alicheka."

Alinitazama mkono. "Mbona saa yake iko kwako?"

"Ameniachia nihesabu. Alisema nisisimamishe."

Nakumbuka uso wake ulivyolegea. Alipumua, akainama, akaanza kuokota maharage moja moja. "Basi fundi ameshituka bure," alisema. "Mwanaume akirudi akute nyumba iko tupu, atasema nini? Mwambie baba yako murakoze. Tutamungoja." Akanipa kipande cha mhogo wa kuchemsha. Nilikila njiani. Baba aliponiuliza kama nimefikisha ujumbe, nilisema nimefikisha, na ilikuwa kweli. Hakuniuliza zaidi, na mimi sikuona cha kuongeza.

Saa moja jioni Deo alikuwa pwani na baba. Mvuvi alingoja robo saa, kisha robo nyingine. Baba alimwambia Deo apande, mama yake atavuka kesho.

"Siwezi kuvuka peke yangu, fundi. Labda amekwama na watoto. Nakwenda kumuchukua, narudi."

"Deo, panda."

"Narudi."

Baba alimshika shati, kijana akajitoa kwa upole, kwa heshima, akakimbia kupanda juu kuelekea nyumbani. Mvuvi aliondoka na watu wengine waliokuwa wakingoja.

Kamioneti ilifika nyumbani kwa Mwalimu asubuhi iliyofuata, saa kumi na mbili na nusu. Hiyo nimeambiwa, sikuipima mwenyewe. Walimkuta Deo anawasha moto wa uji, wakamchukua. Safari hii hapakuwa na mtu wa kusema ni mtumishi wake.

Siku mbili baadaye mama yangu na wanawake wawili wa mtaani walimvusha Mama Deo na wasichana wake watatu kupitia michikichi ya Kigwena, wakiwa wamefungwa kanga na vitambaa vya kichwa kama wanawake wa Kiislamu wanaokwenda msibani. Mimi na baba tulitangulia pwani. Baba alikuwa na lile kopo chini ya koti. Alitenga fungu la Mwalimu mbele yake na kumpa.

Mama Deo aliitazama fedha lakini hakuipokea.

"Hii ni ya mashine," alisema. "Nikiichukua, nimemuzika. Ibaki hapa. Akirudi, mutanunua."

Kisha alichuchumaa, akaulegeza mkanda wa saa mkononi mwangu. Aliiweka sikioni, akasikiliza muda mrefu. "Hii nachukua," akasema, akaifunga mkononi mwake. Alimgeukia baba. "Mutoto wako aliniambia amekwenda kuleta mashine."

Hakusema kwa hasira. Baba alinitazama mara moja, na tangu siku ile mpaka anazeeka hakunitajia jambo hilo hata kwa fumbo. Kompresa hakuinunua. Aliendelea na pamba na kitambaa, tabaka saba. Wateja walipomuuliza kuhusu mashine, alisema vernis ya mkono ndiyo inayodumu. Ile mbao ya bluu aliiacha imeegemea ukuta, ukungu upande mmoja, matone upande mwingine. Wiki aliyofariki, nikimnywesha maji, alisema maneno matatu ambayo mama alidhani ni ya homa: "Ningekwenda mwenyewe mimi." Nilijua alikuwa anaongea na nani.

Ni watu wangapi wanaweza kutaja saa na dakika ya kosa lao? Mimi naweza. Nimeipitia hesabu hii kama anavyoipitia mtu ambaye hakusoma sana, polepole na mara nyingi. Nimejiambia kwamba huenda Deo angekamatwa ziwani. Nimejiambia kwamba mtoto wa miaka tisa hana hatia, na ningemwambia hivyo mtoto wa mtu mwingine yeyote. Kila mara jumla inagoma. Ule mtumbwi ulifika Kigoma. Watu wote waliokuwamo waliishi.

Mwaka jana msichana mdogo wa Mwalimu alirudi kutoka kambini Tanzania, sasa mwanamke mwenye wajukuu. Mama yake alikuwa amezikwa huko, na saa mkononi. Nilimkaribisha karakana, nikaweka kopo mezani, na kabla hajaligusa nikamweleza yote, kuanzia gurudumu hadi mhogo wa kuchemsha. Nilimwambia nilichosema mlangoni kwao. Sikuomba msamaha kwa sababu sikujua niuombe kwa maneno gani.

Nje gari la mizigo lilipita na vumbi likaingia.

"Mimi nilikuwa na miaka mine," alisema mwishowe. "Ile mwaka yote mama alikuwa anatuambia, baba yenu amekwenda kuleta mashine. Tulilala kwa ile neno, dada. Sikujua lilitoka kwako."

Alilisogeza kopo kurudi upande wangu.

"Sasa nunua."

Ndiyo maana nilikwenda Bujumbura. Nilinunua ile ya tangi dogo na pampu ya silinda mbili, na kijana wa dukani alinisikitikia kidogo. Iko karakana sasa. Mlango mmoja wa kabati bado unataka dakika mbili, na presha haishuki. Nimelipa kwa fedha yangu, kwa maana noti za kwenye kopo hazipokelewi tena katika benki yoyote. Nilizihesabu, nikazirudisha, nikafunga kifuniko. Fungu la Mwalimu lipo lote: faranga elfu saba na mia mbili.